"Luger ya Von Lettow" iliyotengenezwa mwaka 1938

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba familia yenye bastola ya zamani ya Mjerumani imekalia utajiri bila kujua, na kwamba Ulaya na Marekani wapo matajiri wanaolipa hadi shilingi milioni mia tatu kwa bastola moja. Sina ugomvi naye, huenda naye aliambiwa. Lakini barua ile imepigwa picha, ikazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na ilipofika huku Columbus, Ohio, ilikuwa imeshaongezewa chumvi na bei imekuwa bilioni. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni ukerezaji vyuma, na nimekuwa nikikusanya bastola za zamani za Kijerumani tangu wanangu wakiwa shule ya msingi. Sasa wana watoto wao. Najua zinauzwaje, nani hununua, na kwa nini moja hufika dola elfu tatu na pacha wake akakosa mtu wa kumpa elfu moja.

Aliyenifanya nishike kalamu ni mpwa wangu wa Muheza. Alinitumia picha ya Luger, bastola ya zamani ya Kijerumani, inayong'aa, na ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Hii hapa inauzwa milioni kumi na mbili. Dalali anasema ni ya Von Lettow mwenyewe, alimwachia mpishi wake. Huko kwenu si itafika hata milioni mia?" Dalali alikuwa anadai atangulize milioni mbili "za kufungulia mzigo", na kijana alikuwa ameshapata mteja wa bodaboda yake.

Nikaikuza ile picha kwa vidole. Luger ina kiungo juu yake kinachokunjika kama goti kila inapopigwa, na wenye bastola hizi hutazama pale kwanza, kwa kuwa ndipo kiwanda kilipoweka alama yake. Juu ya goti la bastola ile pameandikwa S/42. Mbele yake kidogo, juu ya chemba, pale risasi inapokaa, pameandikwa 1938. S/42 ni alama ya siri ya kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, iliyotumika wakati Hitler anajenga jeshi lake upya na hataki watu wahesabu silaha zake. Na 1938 ni mwaka wa kutengenezwa. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alisalimisha jeshi lake Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mpishi gani huyo aliyeachiwa bastola miaka ishirini kabla haijatoka kiwandani?

Halafu chini ya bastola palionekana kitambaa chekundu, na pembeni kipande cha karatasi chenye namba. Ile ni namba ya mnada. Picha imenyofolewa kwenye katalogi ya mnada wa huku Marekani. Bastola yenyewe huenda iko kwenye kabati la mtu Texas, na dalali wa Muheza hajawahi kuigusa.

Nilipompigia, mpwa wangu alinyamaza kidogo kisha akauliza kama labda Von Lettow aliwahi kurudi. Swali zuri, nikamsifu. Ni kweli alirudi, mwaka 1953, mzee wa zaidi ya miaka themanini, na askari wake wa zamani wakaja kumlaki Dar es Salaam. Lakini sidhani kama alikuja kumgawia mpishi silaha mbele ya polisi wa Mwingereza.

Sasa niseme kuhusu zile zinazoweza kweli kuwa zimebaki nyumbani, maana si kila kitu ni uongo. Watu wa Tanga tumekulia kwenye hadithi za vita vile. Kule Ghuba ya Manza, kaskazini ya mji wetu, meli ya Rubens ilifika Aprili 1915 ikiwa na silaha za Wajerumani, Waingereza wakaifuata na kuipiga, na shehena yake ikaja kutolewa majini, risasi zikaanikwa juani zikauke. Kwa hiyo mtu akisema babu yake aliokota kitu, sicheki. Ila tazama nani alikuwa na nini. Askari wa Kiafrika katika jeshi la Mjerumani vita vilipoanza walibeba bunduki, si bastola, na wengi wao walikuwa na Mauser za mfano wa 1871, zile zinazotoa moshi mzito unaomwonesha adui ulipojificha. Bastola ilikuwa silaha ya Mzungu: ofisa, sajenti, au baharia wa Königsberg baada ya meli yake kuzamishwa Rufiji Julai 1915. Wazungu hao walikuwa wachache, na kadiri vita vilivyoendelea silaha za Kijerumani zilipungua, zikachukuliwa za maadui. Siku ya Abercorn jeshi lile lilikabidhi bunduki zaidi ya elfu moja, karibu zote za Waingereza na Wareno. Kwa hiyo Luger halisi ya vita vile iliyobaki kwenye sanduku la mzee wa Handeni ni kitu adimu mno. Na ikiwepo, imekaa miaka mia moja na zaidi katika unyevu wa pwani, imefungwa kanga, haijapakwa mafuta. Chuma hicho kimeliwa. Mkusanyaji wa Ohio akikiona atasikitika kwa dhati, na hatatoa pochi.

Hapo ndipo watu wasipoelewa. Wanadhani uzee ndio bei. Uzee peke yake haununuliwi. Jeshi la nchi kavu la Ujerumani liliichukua Luger mwaka 1908, ndiyo maana huitwa P08. Jeshi la majini lilitangulia mwaka 1904, na Waswisi kabla yao, mwaka 1900. Kuanzia hapo hadi 1918, kiwanda cha DWM cha Berlin na karakana ya serikali ya Erfurt vilitoa mamia ya maelfu. Kisha Mauser akaendelea kwa jeshi hadi 1942. Si kitu adimu. Kilicho adimu ni ile iliyobaki vilevile ilivyotoka kiwandani.

Nitaeleza kwa ile niliyoinunua kwa watoto wa mkulima mmoja aliyefariki, kijiji fulani mashariki ya hapa. Walikuwa wanauza vitu vya marehemu uani: trekta, mitungi ya maziwa, saa ya ukutani. Bastola ilikuwa mezani jikoni, imelazwa juu ya taulo. Bei waliyoitaja ilikuwa dola 3,200, kwa sababu binti mkubwa aliona nyingine kwenye intaneti ikiuzwa hivyo. Na hadithi ilikuwepo, haikosekani: baba mdogo wa marehemu aliipokonya kwa jenerali wa Kijerumani huko Ufaransa. Mhariri, nimeshika Luger nyingi hapa Ohio, na kila moja ilipokonywa kwa jenerali au walau kanali. Kwa hesabu za Ohio, jeshi la Kaisari lilikuwa na maofisa watupu, halina hata kuruta mmoja. Ukweli ni kwamba P08 ilibebwa sana na masajenti, wapiga bombomu na watu wa mizinga. Mkulima wa Ohio alikutana na mwenzake mkulima wa Bavaria, basi.

Niliomba ruhusa, nikahakikisha magazini, kile kikasha cha risasi, imetolewa na chemba haina kitu, ndipo nikasogea dirishani. Bastola kama hii haitazamwi kwa taa ya jikoni.

Juu ya chemba pameandikwa 1916, na juu ya goti herufi DWM zimesukwa pamoja kwa maandishi ya mapambo. Kona zake zilikuwa kali, ukipitisha ukucha unakwama. Hilo ndilo la kwanza. Mtu akiikwangua bastola kwa msasa na kuing'arisha ili aipake rangi upya, kona hulainika na herufi huwa kama zimeyeyuka. Rangi ya asili ya DWM wa wakati ule ilipatikana kwa kukiachia chuma kishike kutu kidogo, kuisugua, kukiachia tena, na tena, mpaka kinakuwa na weusi wenye bluu ndani yake. Ni kazi ya subira, na matokeo yake si ya kung'aa sana. Vitu vidogo kama kifyatulio, kitasa cha usalama na kibonyezo cha magazini havikupakwa hivyo; vilipashwa moto mpaka vikawa na rangi ya manjano ya majani makavu. Na upande wa ndani wa fremu uliachwa mweupe. Kwa hiyo ukiifungua ukakuta ndani nako ni bluu-nyeusi tupu, au ukakuta kifyatulio ni cheusi wakati bastola ni ya 1916, ujue imechovywa kwenye pipa la chumvi ya moto miaka mingi baadaye. Zipo nyingi za namna hiyo, zilizotekwa na Warusi au zilizotumiwa na polisi wa Ujerumani Mashariki. Si mbovu, zinapiga, lakini bei yake iko chini sana. Na ukiona vijishimo vya kutu chini ya rangi nzuri, hapo huna haja ya kuuliza: kutu ilitangulia, rangi ikafuata.

Ya kijijini ilikuwa na rangi yake. Ilichakaa ncha ya mtutu na pembeni, pale inapochomolewa na kurudishwa kwenye ala ya ngozi, na nyuma ya mpini palikuwa na kijivu cha jasho la mkono. Uchakavu wa aina hiyo tunaupenda. Uko mahali unapostahili kuwa.

Kisha namba. Nikiri upendeleo: mimi ni fundi, na namba ndizo zilizonivuta kwenye jambo hili. Siku zile mafundi wa Berlin walikereza kila kipande, wakakisawazisha kwa tupa ya mkono mpaka kikae sawasawa kwenye bastola yake. Kipande cha bastola moja hakikuwa na hakika ya kukaa kwenye nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuvitawanya kwenda kupakwa rangi, kila kimoja kiligongwa tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola ili kirudi kwao. Namba hizo hazikupigwa kwa ajili ya wakusanyaji wa Ohio; zilipigwa ili fundi asichanganye kazi yake. Leo ndizo zinazobeba zaidi ya nusu ya thamani.

Namba kamili ilikuwa 4762, na chini yake herufi ndogo k. Watu wengi huisahau herufi. DWM na Erfurt walikuwa wakifika elfu kumi wanaanza upya na kuongeza herufi, na mwaka mpya ukiingia wanarudi mwanzo kabisa. Kwa hiyo kunaweza kuwa na 4762 nyingi, na hata 4762 k zaidi ya moja, kila moja na mwaka wake au kiwanda chake. Nikasoma 62 kwenye goti, 62 kwenye kitasa, 62 kwenye kifyatulio, 62 kwenye pini inayopiga fataki, 62 ndani ya vibao viwili vya jozi vya mpini. Chini ya mtutu kulikuwa na namba kamili, na karibu yake 8,82, yaani upana wa tundu la mtutu kwa milimita, umepimwa na kuandikwa chumani na mtu wa Berlin, na mkato wake wa Kijerumani. Nimefanya kazi viwanda vitatu na sijawahi kuona mwajiri anayegonga kipimo juu ya kitu chenyewe. Kati ya mtutu na mwili kuna mstari mwembamba uliokatwa kwa patasi ili kuonesha vilikutana wapi. Mstari ukiwa umepinda, au nusu yake haipo, mtutu ulibadilishwa. Huu ulikutana.

Kasoro zilikuwa mbili. Kibao kidogo cha chuma cha pembeni, upande wa kushoto, kilisomeka 18. Kilitoka kwenye bastola nyingine. Labda jeshini, mtu alisafisha mbili mezani pamoja akarudisha visivyo. Na magazini ilikuwa na kitako cha aluminiamu, wakati ya 1916 inapaswa kuwa na kitako cha mbao chenye namba ya bastola na herufi yake. Magazini ya asili yenye namba inayolingana ni vigumu kuipata, kwa sababu ndiyo inayodondoka matopeni, na peke yake huongeza mamia ya dola.

Nikawaonesha wote, binti na kaka yake, kila namba, kwa lenzi yangu. Nikawaambia ingekuwa imelingana yote, na magazini yake, hapa minadani ingeuzwa kati ya dola 2,000 na 3,000. Ingekuwa imepakwa upya ingekuwa elfu moja na kitu. Na hii ya kwenu iko katikati. Tukakubaliana dola 1,900. Ni kama shilingi milioni tano za kwetu. Milioni tano, Mhariri, kwa bastola safi, iliyokaa nchi kavu, katika soko lenye wanunuzi wengi kuliko yote duniani. Na yule wa Muheza alitaka kumi na mbili kwa picha.

Zipo za juu zaidi, sikatai. Ile ya wapiga mizinga yenye mtutu wa milimita 200 na kitako cha mbao cha kuegemeza begani huzidi hapo. Ya majini huzidi. Zile chache ambazo kiwanda cha Krieghoff kililitengenezea jeshi la anga la Ujerumani huzidi sana. Mauser C96, ile yenye magazini mbele ya kifyatulio, ikiwa na tarakimu 9 kubwa nyekundu iliyochongwa kwenye mpini kuonyesha inatumia risasi ya milimita tisa badala ya 7.63, nayo ina wapenzi wake. Lakini kila pale bei inapopanda ndipo mafundi wa uongo wanapohamia. Nimeona kitako cha begani kipya kimechemshwa kwa chai kizeeke. Nimeona 18 ikisuguliwa na kugongwa 62, kazi nzuri tu, isipokuwa mkia wa 2 ulikuwa wa mtindo wa leo. Na nimeona, hili linawahusu Watanzania, bastola ya kawaida ya 1913 imegongwa mbele ya mpini herufi za kuonyesha kwamba ilikuwa ya jeshi la Afrika Mashariki ya Kijerumani, na bei imezidishwa mara nne. Mjerumani kweli aligonga alama za vikosi mahali pale, lakini zile herufi zilikuwa na kingo zinazometa ndani ya chuma kilichofubaa karne nzima. Muuzaji aliposikia natoka Tanga alifurahi mno, akadhani amempata mteja wake.

Hata bei kubwa zinazotangazwa zina mambo yake. Mwaka 1907 jeshi la Marekani lilijaribu bastola mpya, na Georg Luger, aliyeibuni bastola hii, akatengeneza chache mno zenye risasi nene ya .45. Moja iliyobaki ilijulikana miaka mingi kama Luger ya dola milioni. Ilipopanda mnadani California mwaka 2010, iliuzwa dola 494,500. Ni hela nyingi, Mungu atupe sote, lakini ni nusu ya jina lake, na ile ndiyo kilele cha mlima mzima. Msomaji mwenzangu aliyetaja milioni mia tatu nadhani alisoma habari za namna hii akazigawia bastola zote.

Tena bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni ndoto ya muuzaji. Ninachotazama mimi ni bei iliyolipwa, nyundo ikishagonga. Nayo haifiki mfukoni nzima: kampuni ya mnada humtoza mnunuzi nyongeza, mara nyingi asilimia 15 hadi 25, na muuzaji naye hukatwa yake. Mtu akikwambia "iliuzwa elfu tatu", muulize mwenye mali alikwenda nyumbani na ngapi.

Niwaguse kidogo vijana wetu walioko huku, maana nao huniuliza. Sheria ya Marekani inaihesabu silaha yenye miaka hamsini na zaidi, iliyobaki katika hali yake ya asili, kuwa kitu cha mkusanyaji, na ipo leseni ya wakusanyaji inayotolewa na ATF, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha, kwa dola 30 kwa miaka mitatu. Ukiwa nayo unaweza kuletewa Luger kutoka jimbo jingine hadi mlangoni, na unatakiwa uwe na daftari la kuandika kila inayoingia na kutoka. Langu liko na risiti zote. Asiyekuwa nayo apitie duka lenye leseni, ajaze fomu, achunguzwe jina. Raia na mwenye ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa kama hawana kosa linalowazuia. Aliyekuja kwa viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika kama yake, na kesi yake humalizikia uwanja wa ndege. Asidanganywe na rafiki mwenye pasi anayesema "nitakununulia kwa jina langu". Huo nao ni uhalifu, wa wote wawili. Na kitu kingine: Luger iliyolingana namba usiipeleke ukailengee makopo. Pini ikivunjika, umevunja 62 yako, na ya kununua dukani haina 62.

Watu huniuliza pia, na hasa mashekhe wetu hapa msikitini, kwa nini mtoto wa Tanga aweke ndani silaha ya watu waliotutawala kwa kiboko, waliowaua watu wa kusini wakati wa Majimaji na kuwaacha na njaa. Najibu kwamba siiweki ukutani. Iko kwenye kasha la chuma lililofungwa. Ninachokipenda ni kazi ya mkono wa fundi, na fundi huyo wa Berlin sidhani kama aliulizwa itakwenda wapi. Wengine huridhika na jibu hilo, wengine hapana, na wote tunakunywa chai.

Kwa walioko nyumbani mambo ni mengine kabisa. Hakuna mkusanyaji wa Marekani anayeweza kukutumia hela kihalali ukamtumia bastola kwenye kontena la korosho. Kuingiza silaha huku kunahitaji kibali cha serikali na mwagizaji mwenye leseni. Kuitoa Tanzania ni hivyohivyo. Na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuandikwa kwa ajili ya majambazi peke yao. Kuikuta bastola kwenye sanduku la marehemu hakukupi leseni yake. Wanaokuja na habari za "mnunuzi yuko Dubai" ni walewale waliokuja na zebaki nyekundu na ramani za mali ya Mjerumani, wakawachimbisha watu mashimo nyuma ya boma na kuondoka na hela ya ubani. Bidhaa imebadilika, dalali hajabadilika.

Kwa hiyo mwenye kitu kama hicho asikisafishe, asikijaribu, asikipige picha na kuisambaza, na asikibebe kwenye basi kwenda kukionesha. Ndani inaweza kuwa na risasi, na risasi ya zamani haina adabu. Aende kwa mwenyekiti wa mtaa, waongozane kituoni kutoa taarifa, waje wenye kazi yao. Polisi hutangaza mara kwa mara kipindi cha usalimishaji wa silaha kwa hiari, ambapo anayesalimisha hashitakiwi. Hapo ndipo pa kuitoa. Hata Wajerumani wenyewe walipita njia hiyo. Baada ya kushindwa, mwaka 1920 serikali yao iliwataka raia warudishe silaha za kijeshi, na zile zilizobaki mikononi mwa serikali zikagongwa 1920 juu ya chemba ili zisichanganywe na za kurudishwa. Ndiyo sababu utakuta Luger yenye miaka miwili, 1917 na juu yake 1920. Madalali wa huku huuza kasoro hiyo kama ajabu, na si ajabu, zimejaa.

Na kama sanduku la babu lina vitu vingine, vitazameni hivyo kwanza. Mwaka 1916, Mjerumani alipozingirwa na kukosa sarafu, aligonga ya dhahabu ya rupia 15 kwenye karakana ya reli ya Tabora, upande mmoja tai, upande mwingine tembo. Sarafu hiyo ikiwa halisi hufika dola elfu kadhaa, haihitaji leseni ya silaha, na haiwezi kumlipukia mtoto. Nayo ina za bandia tele, usikimbilie kufurahi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Barua nyingine ya namna hii ikikufikia, mwombe mwandishi akutumie picha ya juu ya chemba na juu ya goti kabla hujamchapishia bei. Mwandishi wako yeyote anayejua mwaka 1938 ulikuja baada ya 1918 ataweza kuihariri. Mpwa wangu bado ana bodaboda yake, na dalali amemzuia kwenye WhatsApp.

Mkereza Vyuma wa Ngamiani,
Columbus, Ohio, Marekani